Gesi ama Bila Gesi? Kwanza Niambie Unaishi Keja Gani

Wasee, hili swali linanijia karibu kila wiki, na mara nyingi linatoka kwa mtu ambaye tayari ameweka doo pembeni: ninunue mashine ya kuchomelea ya gesi, ama ile haitumii gesi? Mtu ameona video za jamaa wa Marekani wakitengeneza meza, ameona mashine ndogo za inveta zimejaa madukani mjini, na ameamua hataki tena kumbembeleza fundi kila mguu wa kitanda ukivunjika. Wengine wanataka zaidi ya hiyo. Wanataka kutengeneza raki za viatu, stendi za maua, viti vya baa, wauze mtandaoni wapate kodi ya nyumba. Hiyo ni ndoto poa na mimi siwezi kuicheka. Lakini kabla nikujibu, sikuulizi unataka kutengeneza nini. Nakuuliza: unaishi keja gani?

Juu ukiangalia venye hawa jamaa wa ng'ambo hujibu hili swali, karibu wote wanasema kitu kimoja. Gesi ni ya watu wanaojua kazi, bila gesi ni ya watoto. Na wanasema hivyo wakiwa wamesimama ndani ya gereji ya magari mawili, mtungi mrefu umefungwa mnyororo kwa ukuta, na feni kubwa inavuta moshi nje. Sisi hapa tukisema "nyumbani" tunamaanisha bedsita Roysambu, ama chumba kimoja Pipeline orofa ya sita, ama ploti ya mabati Kayole ambapo milango kumi inaangaliana na kamba za nguo zinapita katikati. Ushauri wao si mbaya. Ni wa nyumba yao tu.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu hii gesi yenyewe, manake hapa Kenya ukisema "gesi" mtu anafikiria ule mtungi wa meko. Kuna kijana aliniuliza, bila utani, kama anaweza kuunganisha mtungi wake wa kilo 6 kwa mashine ya kuchomelea ndio aokoe pesa. Hapana. Usijaribu, usifikirie, usimtume mdogo wako. Gesi ya kupikia ni mafuta, kazi yake ni kuwaka, na baada ya ule mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024, uliojeruhi watu zaidi ya 200, sidhani kuna mtu Nairobi anahitaji kuelezwa inaweza kufanya nini. Gesi ya kuchomelea ni kitu tofauti kabisa. Ni argoni, ama kaboni dayoksaidi, ama mchanganyiko wa hizo mbili, na hakuna kati yake inayoshika moto. Hiyo kaboni dayoksaidi ndiyo ile ile inafanya soda itoe mapovu. Na kwa taarifa yako, kuna kampuni inaitwa Carbacid inayoichota kutoka chini ya ardhi pale Kereita, Lari, Kiambu. Wakati hawa jamaa wa YouTube wanaongea kuhusu gesi kama kitu cha sayansi ya juu, sisi tunayo chini ya msitu, hapo tu ukipita Limuru.

Kazi ya gesi ni kufunika. Chuma kikiyeyuka kinakuwa na njaa ya hewa. Kinanyonya oksijeni na nitrojeni, halafu kikipoa zile hewa zinabaki ndani kama vitundu. Umewahi kupasua mandazi ukaona vile ndani kuko? Sasa fikiria kiungo cha kitanda chako kiko hivyo. Kwa nje kinaweza hata kufanana na kazi safi, lakini mtu akikaa kinakatika. Kwa hivyo lazima kile kidimbwi cha chuma kifunikwe mpaka kigande. Mashine ya gesi inafunika kwa kupuliza gesi kutoka kwa mtungi, kupitia tochi, hadi pale waya unayeyukia. Mashine ya bila gesi inatumia waya ulio na tundu katikati kama mrija, na ndani ya mrija kuna unga wa fluksi. Unga ukiungua unatengeneza gesi yake hapo hapo, na unaacha gamba juu ya chuma linalokifunika kikipoa. Kwa hivyo hata hilo jina la "bila gesi" ni uongo kidogo. Gesi iko, ila umeinunua ikiwa unga.

Kutoka hapo kila tofauti nyingine inafuata yenyewe.

Chukua upepo. Gesi ya mtungi inatoka polepole, kitu kama lita 10 hadi 15 kwa dakika, na upepo mdogo tu, ule wa kutikisa nguo kwa kamba, unaipeleka kwa jirani. Unabaki unachomelea hewa tupu na unapata mandazi. Ukiwa na gereji hili si tatizo. Ukiwa unafanyia kazi nje ya mlango ama juu ya paa, ni tatizo la kila siku. Waya wa fluksi haujali sana, juu ile gesi yake inazaliwa pale pale kwa moto na gamba linasaidia. Hii ndiyo sababu mafundi wa majengo makubwa duniani kote hutumia waya wa fluksi nje, kwa hivyo mtu asikuambie ni kifaa cha watoto.

Sasa chukua unene wa chuma. Hapa gesi inashinda, na inashinda vibaya. Vitu vingi vijana wanataka kutengeneza vinatokana na skwea tyubu ya inchi moja, geji 18, ambayo ukuta wake ni kama milimita 1.2. Ukishuka geji 20 uko karibu milimita 1 tu. Mashine ya gesi ukiiwekea waya wa milimita 0.6 inatembea juu ya tyubu kama hiyo bila kutoboa, na kiungo kinatoka laini mpaka rangi inakaa bila kupiga grainda sana. Waya wa fluksi kwa kawaida ni 0.8 ama 0.9, unachoma kwa joto kali, na kwa chuma chembamba unatoboa haraka. Inawezekana, mimi nimeona kazi safi sana ya fluksi kwa geji 18, lakini ilifanywa na mtu anayegusa kidogo kidogo, nukta baada ya nukta, anaacha chuma kipumue. Hiyo subira hainunuliwi pamoja na mashine.

Halafu kuna usafi. Fluksi inakuachia gamba la kugonga na nyundo, na matone ya chuma yaliyorukia kila mahali. Gesi haina gamba. Hata hivyo gesi zenyewe si sawa: kaboni dayoksaidi tupu inarusha matone mengi lakini inazama ndani vizuri, na ukichanganya na argoni (mchanganyiko unaopendwa ni robo tatu argoni, robo kaboni dayoksaidi) moto unatulia na matone yanapungua. Mchanganyiko una bei yake. Kwa raki za viatu, kaboni dayoksaidi tupu inatosha kabisa na mtu asikufanye ujione maskini.

Hesabu ya gesi watu huikwepa, na mimi sijui kwa nini, manake ni ya darasa la sita. Kilo moja ya kaboni dayoksaidi ikitoka kwa mtungi inakuwa kama lita 550 za gesi. Mtungi wa kilo 5 unakupa takriban lita 2,700. Ukipuliza lita 12 kwa dakika, una dakika 225 za moto, yaani saa 3 na dakika 45. Inasikika kidogo, lakini hizo ni dakika za moto tu, si za kazi nzima. Raki yenye viungo 40, kila kiungo sekunde 15, ni dakika 10 za moto. Kwa hivyo mtungi mmoja ni raki 22 hivi, kama mpira wako hauvuji. Na mingi huvuja. Paka povu la sabuni kwa kila kiungo cha mpira kabla hujalalamika kwamba uliuziwa mtungi nusu.

Sasa gawa bei ya kujaza mtungi kwa raki 22 na utaona gesi si ghali kwa kila raki. Kinachoumiza ni mwanzo: mtungi wenyewe, regulata, mpira, na safari. Mitungi hii haiko kwa kila kibanda kama ya meko. Unaipeleka kule wanajaza, mara nyingi Industrial Area ama kwa wakala, na wewe jaribu kupanda matatu ya Umoinner na mtungi wa argoni mabegani uone makanga atakuambia nini. Kama unatengeneza raki mbili kwa mwezi, huo mtungi utakuwa fanicha. Kama unatengeneza tano kwa wiki, waya wa fluksi ndio utakumaliza, juu kwa kilo ni ghali kuliko waya wa kawaida, na sehemu ya hiyo kilo ni unga, kwa hivyo kilo moja uliyolipia haikuachii kilo moja ya chuma kwa kazi.

Hapa niingize kitu ambacho kinaniudhi kidogo. Watu wengi wanaosema mashine ya bila gesi ni takataka hawajawahi kuitumia ikiwa imefungwa vizuri. Mashine ina nyaya mbili, moja ya tochi na moja ya ile klampu unabana kwa chuma. Waya wa kawaida wenye gesi unataka tochi iwe upande chanya. Waya wa fluksi wa bila gesi unataka kinyume, tochi upande hasi. Mashine nyingi zinazotumia zote mbili zinatoka kiwandani zimefungwa kwa gesi. Mtu anafika nyumbani, anaweka waya wa fluksi, hagusi hizo nyaya, anapiga moto, matone yanaruka kama mahindi kwa sufuria, kiungo kinakaa kama kinyesi cha kuku, halafu anaenda mtandaoni kutangaza kwamba fluksi ni mbaya. Nilikuwa Kariobangi Light Industries siku moja nikirekodi, akaja jamaa na mashine mpya kwa gunia akitaka kuiuza kwa hasara. Fundi alifungua ule mlango wa pembeni, akabadilisha nyaya mbili, akaweka chuma chakavu mezani na kuchomelea mstari mmoja. Jamaa alirudisha mashine yake kwa gunia bila kusema neno, akaenda nayo nyumbani.

Na si nyaya peke yake. Waya wa fluksi ni laini kwa sababu una tundu, kwa hivyo rola za kuusukuma ziwe zile zenye meno madogo, na usikaze kama unafunga geti, utaubonda. Tochi unaivuta kuja kwako, usiisukume, ndio gamba libaki nyuma na lisizame ndani ya chuma. Waya utokeze kidogo zaidi, kama milimita 15 hadi 20 kutoka ncha ya shaba, wakati wa gesi unataka kama 10. Haya yote unajifunza kwa wikendi moja na chuma chakavu cha Gikomba.

Tuje stima, manake hapa ndipo keja yako inaanza kuongea. Soketi yetu ya kawaida ni ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni kama wati 3,100 na ukomo wake ndio huo. Ukichomelea tyubu nyembamba kwa ampea 60 hivi, moto wenyewe unakula kama wati 1,000, kwa hivyo hakuna shida. Ukipandisha hadi 120 kwa ajili ya anglelaini nene, moto peke yake unataka kama wati 2,400, na inveta inapoteza kiasi chake, na hizi za bei rahisi zinavuta ampea nyingi kuliko hesabu inavyoonyesha. Fyuzi inakatika ama plagi inaanza kunuka. Kwa nyumba nyingi laini pekee yenye nguvu ni ile ya maji moto ya bafuni, na kuna watu wanaichokonoa na nyaya mbili ndio wapate kuchomelea. Hapo ndipo nyumba huungua. Fundi wa stima akuwekee laini yake, ama ubaki kwa vyuma vyembamba. Na ukitumia ekstensheni, ikunjue yote. Ile imebaki imejiviringa inapata joto mpaka plastiki inayeyuka.

Angalia pia kale kabamba nyuma ya mashine kabla ulipe. Kakisema asilimia 20 kwa ampea 120, maana yake ni kwamba kwa kila dakika 10 unachomelea 2, halafu mashine inapumzika 8. Kwa raki za viatu hutaona shida. Kwa geti la watu utazeeka ukingoja.

Lakini haya yote, gesi, waya, stima, ni mambo ya pesa, na pesa hurudi. Kile kinanifanya niandike hii kitu ndefu hivi ni moshi.

Mwaka wa 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliamua kwamba moshi wa kuchomelea unasababisha saratani kwa binadamu. Liliuweka kundi la kwanza, lile lile la sigara. Halikusema moshi wa viwanda tu, ama wa mashine fulani. Na kati ya hizi mashine zetu mbili, ile ya bila gesi ndiyo inatoa moshi mwingi zaidi, kwa mbali. Ule unga lazima uende mahali. Kwa hivyo mashine ninayowapigia debe watu wengi waninunue ndiyo ile hupaswi kabisa kuwasha ndani ya chumba. Uwanjani, upepo ukivuma kutoka mgongoni mwako, ni sawa. Kwa bedsita yenye dirisha moja, mlango umefungwa ndio keateka asisikie, hapana.

Na usifikirie gesi inakuokoa. Argoni na kaboni dayoksaidi zote ni nzito kuliko hewa, zinalala chini, zinajaza chumba kidogo kidogo na kusukuma hewa yako nje, na argoni haina harufu yoyote. Kaboni dayoksaidi nayo, kwa joto la ule moto, sehemu yake inageuka kaboni monoksaidi. Hiyo unaijua. Ndiyo ile ya jiko la makaa, inayoua familia usingizini wakati wa baridi ya Julai. Kwa hivyo mtu akikuambia "chukua ya gesi juu haina moshi, unaweza kufanyia ndani," huyo anakuuzia mashine.

Kuna bomba zilizopakwa zinki, zile za kung'aa ambazo watu huokota kwa mjengo wakidhani wameokota dhahabu. Ukizichomelea zinatoa moshi mweupe. Saa chache baadaye unaanza kutetemeka, homa, kiu, mwili unauma kama malaria, na kesho yake unapona ukidhani ilikuwa baridi. Ilikuwa zinki. Mtaani dawa ni pakiti ya maziwa. Maziwa yanaingia tumboni, moshi uko kwenye mapafu, na hizo ni barabara mbili tofauti. Kunywa kama unapenda, lakini kwanza sugua zinki yote pale utakapochomelea, vaa maski ya chujio ya kweli, si ile ya kitambaa, na ukae nje.

Mwanga nao. Fundi wetu wa kando ya barabara na miwani yake ya jua amefanya watu wafikirie macho ni ya chuma. Ule mwanga unachoma macho kama jua linavyochoma ngozi, na maumivu yanakuja usiku, kama mtu amekumwagia mchanga chini ya kope. Wewe umevaa helmeti. Lakini kwa ploti, ukiwasha, watoto wote wanatoka kuangalia nyota. Mama wa mlango wa tatu amebeba mtoto. Hao hawana helmeti. Huwezi kuwaambia wote waingie ndani, ploti ni yao pia. Basi simamisha mabati mawili ama turubai nzito pande zote, na kama hakuna nafasi ya kusimamisha hata hayo mabati, umeshapata jibu lako kuhusu mashine.

Kwa hivyo nikijibu, najibu hivi. Ukiwa orofa yoyote ya fleti yoyote, usinunue mashine yoyote. Najua si jibu ulilotaka. Tafuta fundi wa jua kali ambaye jioni benchi lake halina kazi, mkubaliane umlipe kwa saa, utumie mashine yake, stima yake na upepo wake. Wengi watakubali, na watakufundisha bure juu hawawezi kuvumilia kuona mtu akiharibu chuma. Zile pesa za mashine nunua grainda nzuri na helmeti yako mwenyewe, manake helmeti ya kushirikiana hainifurahishi.

Ukiwa na uwanja, kwa mfano nyumbani kwa wazazi Juja ama Rongai, ama ploti ambayo landilodi amekubali kwa mdomo wake, chukua mashine inayotumia zote mbili na uanze na waya wa fluksi. Muuzaji akikuambia "hii inatumia zote," mwambie akuonyeshe tundu la kuingizia mpira wa gesi kule nyuma, na akuonyeshe nyaya zinavyobadilishwa kutoka chanya kwenda hasi. Kuna duka moja mjini lilimuuzia rafiki yangu mashine ya "zote" isiyo na tundu lolote nyuma. Walipoulizwa wakasema gesi inaingia na hewa.

Gesi ichukue mtu ambaye tayari anauza. Anayetengeneza fanicha ya tyubu nyembamba kila wiki, ama anayeziba bodi za magari, ana kibanda kilichofunikwa upepo lakini pande mbili ziko wazi, na anajua mtungi utajazwa wapi. Huyo hata hahitaji kunisoma.

Na ukiwa ushago, kwa kazi ya kurekebisha jembe, toroli, bawaba ya geti na kizimba cha ng'ombe, nitasema kitu kitakachowaudhi wapenzi wa kontenti: sahau waya kabisa. Chukua inveta ndogo ya rodi. Rodi za geji 12 ziko kwa kila duka la vifaa kutoka Busia hadi Garissa, zinauzwa hata moja moja, hazijali upepo wala kutu kidogo, na mashine unaibeba kwa mkono mmoja. Waya wa fluksi ukiisha huko Jumamosi jioni, utangoja mtu atoke Nairobi.

Jambo dogo la mwisho kwa walio na mashine tayari. Waya wa fluksi ukibaki usiuache ndani ya mashine mwezi mzima. Ule unga unavuta unyevu na waya unaota kutu, na nyinyi wa Mombasa na Kisumu mnajua venye hewa yenu ilivyo. Utoe, uufunge kwa mfuko wa plastiki na vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, uuweke ndani ya kopo la mfuniko. Ukishaona vidoa vyekundu kwa waya, kata zile raundi za juu utupe kabla ya kupiga moto.